Mstari Hausogei

Jumatatu, 7 Oktoba

Mkufunzi kutoka Dar ameondoka leo baada ya chakula cha mchana. Ametuachia bangili ishirini na tano, kishikwambi kimoja na maagizo kwamba afisa ustawi aandike kila siku anachokiona shambani. Afisa ustawi ni mimi, Deodata wa Murukulazo, kidato cha nne, miaka sita ya kupima joto na uzito kwenye zahanati ya parokia kule Ngara. Nimenunua daftari la kaunta Nyakanazi. Kurasa za mbele ni za kampuni. Kurasa za nyuma, hizi, ni zangu, maana nina mdomo na huku Biharamulo sina wa kusema naye.

Bangili yenyewe ni ya mpira, ina taa ndogo. Kijani, uko salama. Njano, jiangalie. Nyekundu, moyo unakwenda mbio, pumzika. Inatunza ilichopima, kisha inakimwaga kwenye kishikwambi nikiwa karibu, hatua thelathini hivi. Kishikwambi kinatuma Dar, na huko wanaona kwenye kioo kikubwa nani kachoka huku kwetu. Mkufunzi alisema, "Hatutaki tena mtu aanguke kazini bila sisi kujua." Nilipiga makofi kuliko wote.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimegawa bangili. Kikundi kinachopalilia mahindi ya mbegu kina watu ishirini na wawili, Wasukuma waliohamia huku na ng'ombe wao kutoka Shinyanga miaka mingi iliyopita. Mkubwa wao ni mama mmoja anaitwa Limi, mjane, mrefu, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya bonde. Alininyooshea mkono kama anayekwenda kudungwa sindano. Hakuuliza kitu.

Aliyeuliza ni shemeji yake, mzee Kazimili. Huyu ana bangili ya shaba mkono wa kushoto, ya babu yake, haivuliki tena. Nikamfunga hii ya mpira mkono wa kulia.

"Shikamoo baba. Isikubane."

"Malahaba, mwanangu. Hii ya shaba inanilinda na watu wabaya. Hii yenu inalinda nini?"

"Moyo, baba. Ikikaa kijani, uko salama."

"Basi ninazo mbili," akasema, akainua mikono yote wenzake waone. Wakacheka, na mimi nikacheka.

Alhamisi, 10 Oktoba

Kichwa kinaniuma. Hawa watu hawawezi kulima bila kelele. Kwetu Murukulazo mtu analima huku anamsengenya jirani kwa sauti ya kawaida, na kazi inakwenda. Hawa wanajipanga mstari mmoja, kila mtu na tuta lake, halafu Mama Limi anaanza kuita majina. Akiita jina, mwenye jina anaitika kwa Kisukuma neno ambalo maana yake ni nipo, na majembe yote yanashuka kwa pamoja. Majina ishirini na mawili, kisha wanarudia tena, mbio zaidi. Wimbo ukiisha wote wanasimama wima, wanahema, wanapitishiana dumu la maji, wanataniana nani alikuwa anaitika kama mgonjwa. Kisha wanaanza upya.

Waliposimama hivyo nikapita na kishikwambi. Nyekundu ishirini na mbili! Nilitaka kukimbilia gari la kuwapeleka hospitali.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nyimbo. Nyekundu. Mvua kidogo.

Jumamosi, 12 Oktoba

Dar wamempigia simu Meneja Alfonce kumuuliza shamba lake lina nini, mbona kioo chote kinawaka. Akaniita ofisini. Ni mtu msafi, viatu vinang'aa hata msimu huu wa matope, na anaongea taratibu kama anayesoma tangazo la msiba. Bangili hana. Nilipomuuliza alisema ya meneja haijaletwa. Moja ninayo mimi mkononi na mbili ziko kwenye droo yangu.

"Dada Deodata, tafuta chanzo, uniandikie mapendekezo."

Chanzo nilikuwa nacho tangu Alhamisi. Nikaandika: Nyimbo za kazi zinapandisha mapigo ya moyo. Zisitishwe kwa ajili ya ustawi wa wafanyakazi. Nikapiga mstari chini, mara mbili, kwa rula.

Jumatatu, 14 Oktoba

Sikukuu. Nimefua.

Jumanne, 15 Oktoba

Meneja amewasomea wafanyakazi katazo. Walidhani anatania. Alipoondoka Mama Limi alinifuata nilipokuwa nahesabu bangili.

"Dada, ni wewe umeandika?"

"Ni kwa afya yenu, mama. Mioyo inakwenda mbio mno."

"Moyo wa mtu anayelima utakwendaje, utalala? Sikia. Mimi siimbi kwa raha. Mume wangu aliimbisha mstari huu, na kabla yake baba yake. Ninaita jina, ninasikiliza sauti. Sauti ikija imechoka, ninapunguza mwendo. Ikija mbovu, ninamtoa mtu akakae kivulini, na hakuna wa kumcheka. Isipokuja kabisa, mstari hausogei. Majembe chini, mpaka tumwone ana nini. Ndivyo tunavyolima."

"Sasa bangili ndiyo itawaangalia, mama. Wewe upumzike."

Akageuka, akarudi kwenye mstari. Kwenye kurasa za mbele nimeandika: Upinzani mdogo wa kimila, utapungua.

Jumatano, 16 Oktoba

Kimya. Kijani wote. Kichwa hakikuuma.

Ijumaa, 18 Oktoba

Kijani wote. Meneja amenipa mkono mbele ya makarani. Nimepiga simu nyumbani kumwambia mama, naye amemwambia padri.

Jumatatu, 21 Oktoba

Kijani. Mvua kubwa tangu saa tisa.

Jumatano, 23 Oktoba

Kuna kitu kinaniwasha, nakiandika ili kiniache. Tangu waache kuimba hawasimami. Zamani mwisho wa wimbo ulikuwa mapumziko ya wote. Sasa wimbo haupo, na hakuna anayetaka kuonekana wa kwanza kunyoosha mgongo. Wanainama saa moja na nusu, wanainuka saa sita. Mstari nao umevunjika: wengine wako mbele kabisa, wengine wamebaki nyuma, kila mtu peke yake na mahindi yake, nayo yanakua upesi, yameshafika kiunoni. Leo mama mmoja kajikata kidole cha mguu kwa jembe, na jirani yake hakujua mpaka alipoona damu kwenye majani.

Bangili ya huyo mama ilikuwa kijani. Nilimfunga jeraha huku naiangalia inavyomeremeta.

Nimemwambia Meneja. Akasema, "Kidole si moyo."

Ijumaa, 25 Oktoba

Kijani. Wamegombana wawili kuhusu mpaka wa tuta. Zamani sikuwahi kusikia ugomvi, au labda kelele za nyimbo ziliufunika. Sijui tena.

Jumatatu, 28 Oktoba

Mzee Kazimili anakohoa na anavuta mguu. Nilimkuta mwisho wa tuta anafuta jasho kwa kofia.

"Baba, umechoka. Kaa kidogo."

"Nimechoka lakini sijachoka sana. Tazama wewe mwenye macho. Bado kijani?"

Nikatazama. Kijani.

"Basi inanilinda," akasema, akainama tena.

Mama Limi alikuwa tuta la pili. Alisimama wima akiwa ameshika mpini, peke yake katika shamba zima, mpaka mzee alipofika mbali. Mnyapara akamwandika jina kwa kusimama.

Jumatano, 30 Oktoba

Tangazo: wageni wa kampuni wanakuja Jumatatu ya tarehe 18 Novemba kuona shamba la mfano. Shamba la mfano ni sisi. Eti Dar wanataka mashamba mengine yote yajifunze kwetu jinsi ya kutunza watu. Meneja anatembea kama bwana harusi.

Ijumaa, 1 Novemba

Watakatifu Wote. Nimesali kigangoni, nimerudi kwa mguu, nimenyeshewa.

Jumanne, 5 Novemba

Kijani, kijani, kijani. Nimechoka na rangi hii. Kazimili kaniuliza tena na nimemjibu tena.

Jumatano, 6 Novemba

Nitaandika kwa mpangilio, maana najua watakuja kuniuliza.

Saa mbili Meneja aliniita niache shamba, nikabandike michoro ya rangi za bangili ukutani kwa ajili ya wageni. Alitaka ile nyekundu ya Oktoba iondolewe na ya kijani ijae ukuta. Nikachukua kishikwambi, nikapanda ofisini. Kutoka mashambani hadi ofisini ni mwendo wa dakika ishirini. Nilikata karatasi, nikapaka gundi, nikanyoosha kona. Alipita mara mbili kunisifia. Saa nne akachukua pikapu, akaenda Nyakanazi kutafuta mapazia mapya.

Saa tano na robo nikasikia sauti ya Mama Limi. Hakuwa anaimba. Alikuwa anakimbia kupanda mlima, kanga imefungwa kiunoni, matope mpaka magotini.

"Dada! Kazimili! Kazimili hainuki!"

Alikuwa amemaliza tuta lake, akageuka kutafuta kofia ya shemeji yake juu ya mahindi. Hakuiona. Akadhani ameinama. Akalima kidogo, akatazama tena, hakuiona. Akaanza kutembea tuta kwa tuta. Alimkuta amelala ubavu, uso kwenye udongo, jembe chini ya tumbo. Mtu wa karibu naye alikuwa umbali wa matuta manne tu. Matuta manne, na hakujua!

Nilipofika walikuwa wamemgeuza. Mdomo umekwenda upande. Mkono wa kulia unaanguka kila wakiuinua. Macho yanaona, yananitafuta. Na kwenye ule mkono uliokufa, bangili yangu inawaka nyekundu, inapepesa na kupepesa.

Gari halipo. Gari limefuata mapazia. Vijana wakakata mti, wakafunga blanketi, wakambeba mpaka barabara kuu. Tulisimamisha magari kwa kofia na kwa mikono. Lililosimama ni fuso la ndizi lililotoka Ngara. Dereva akashusha mikungu miwili ili tupate nafasi. Kazimili alilala juu ya ndizi mpaka hospitali ya Biharamulo, kichwa chake mapajani mwa Mama Limi. Njia nzima mama alikuwa anamwita jina sikioni, polepole, akinyamaza kidogo kila baada ya jina kumpa nafasi.

Daktari amesema ni kiharusi. Amesema tumechelewa kidogo, na hicho kidogo kina maana. Anatakiwa apelekwe Mwanza.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimempigia simu yule mkufunzi. Alikuwa mchangamfu mpaka nilipouliza.

"Kaka, kwa nini ilikaa kijani wiki tatu, mzee anakohoa na kuvuta mguu?"

"Alikuwa anafanya kazi gani?"

"Analima! Wote wanalima. Ulikuja ukaona."

"Ahaa. Mkono ukitikisika sana haisomi vizuri, dada. Inamsubiri mtu atulie nusu dakika. Asipotulia inaonyesha ilichosoma mara ya mwisho."

"Yaani kijani niliyoiona saa tano ni ya saa moja, wakiwa wamekaa kwenye mahudhurio?"

"Inawezekana kabisa. Iko kwenye kitabu cha maelekezo, ukurasa wa arobaini hivi. Kwani hawapumziki katikati?"

Nilikata simu kwa sababu ningemtukana, na tusi lililokuwa mdomoni ni la Kihangaza cha kwetu, asingelielewa.

Walikuwa wanapumzika! Mwisho wa kila wimbo walikuwa wanasimama, mikono inatulia, bangili inasoma mioyo iliyotoka kulima, inawaka nyekundu kama inavyotakiwa. Mimi nikaja na rula yangu, nikaondoa wimbo. Pamoja na wimbo nikaondoa mapumziko, na pamoja na mapumziko nikaondoa kipimo. Kilichobaki ni rangi ya asubuhi. Tukaipigia makofi wiki tatu, tukaibandika ukutani kwa gundi.

Na yule mzee alikuwa ananiuliza mimi. Alikuwa na mwili wake unamwambia kaa chini, akauambia mwili subiri nimuulize Deodata.

Ijumaa, 8 Novemba

Nimefungua bangili ya Kazimili kwenye kishikwambi. Tangu saa moja na dakika kumi asubuhi hakuna kitu, mstari mmoja mnyoofu wa kijani. Halafu saa nne na dakika tatu inaanza kusoma. Saa nne na tatu nyekundu, na nne nyekundu, na tano nyekundu, dakika baada ya dakika mpaka saa tano. Ndipo alipoanguka. Ndipo mkono ulipotulia. Ilimpima vizuri kabisa, kwa mara ya kwanza, karibu saa nzima akiwa peke yake kwenye udongo, na yote hayo ikawa inayatunza inisubiri mimi nipite karibu. Mimi nilikuwa nakata karatasi.

Nimelia, nimenawa, nimekwenda kwa Meneja na fomu ya ajali kazini. Bila sahihi ya mwajiri kampuni haigharimii Mwanza, na familia haina namna. Hakuishika fomu.

"Dada Deodata, hii si ajali. Huyu mzee alikuwa na ugonjwa wake. Rekodi yetu inaonyesha mpaka saa nne alikuwa salama, kijani."

"Hiyo kijani ni ya uongo. Nimezungumza na mkufunzi."

"Uongo ni neno kubwa. Umeliandika mahali?"

"Nitaliandika."

"Wageni wanakuja tarehe kumi na nane," akasema kwa ile sauti yake ya msiba. "Andika hivi: mfanyakazi alihisi dalili, hakutoa taarifa. Ndiyo kweli, au siyo? Hakutoa taarifa."

Nilimwambia alitoa. Kila siku alinionyesha mkono. Meneja akaanza kupanga kalamu zake.

Jumatatu, 11 Novemba

Nimeandika taarifa kurasa tatu. Nimeweka rekodi ya dakika kwa dakika, maelezo ya mkufunzi, tarehe ya katazo la nyimbo na jina la aliyelipendekeza, ambalo ni langu. Meneja amesoma, amekunja, ametia mfukoni. Akanivua bangili yeye mwenyewe, akachukua kishikwambi, akataka na daftari. Nikachana kurasa za mbele nikampa. Za nyuma nilikuwa nimezikalia.

Kazi sina. Nilidhani nitaogopa, lakini nimejaa hasira na woga haujapata pa kukaa.

Jumatano, 13 Novemba

Basi la Ngara lilipita, nikaliacha likaenda. Nimekwenda kwa Mama Limi kuomba radhi. Nilijiandaa kufukuzwa. Kazimili wamemrudisha nyumbani kusubiri hiyo Mwanza. Amekaa kwenye kigoda mlangoni, blanketi mabegani, maneno hayatoki.

"Shikamoo baba."

Akanyanyua mkono wa kushoto, ule wa shaba. Akauangalia ule wa kulia, ulipokuwa umefungwa ule mpira, akaniangalia mimi. Nilipiga magoti pale pale kwenye matope.

Mama Limi akaniinua kwa kwapa, kwa nguvu, wala si kwa upole.

"Nimekukasirikia siku saba," akasema. "Nitakukasirikia nyingine nyingi. Jembe unalijua?"

"Nalijua, mama."

"Kesho tunamlimia yeye. Mgonjwa wetu shamba lake halilali. Njoo alfajiri, na usije na viatu hivyo."

Alhamisi, 14 Novemba

Shamba la Kazimili ni dogo, mahindi na maharage, nyuma ya nyumba, kutoka kwenye kigoda analiona lote. Walikuja wote ishirini na mmoja. Maana yake huko kwa kampuni leo hakuna aliyekwenda, majani yanaota na mvua inayasaidia. Nimepewa tuta la pembeni.

Mama Limi akaanza kuita. Nilikuwa nimeusikia wimbo huu siku tatu tu kisha nikauua, sikuwa nimewahi kuwa ndani yake. Ukiwa ndani unasikia kila mtu. Unasikia huyu kalala njaa, huyu ana mafua, huyu leo ana raha zake. Hata mimi mgeni nilisikia.

Akafika jina la Kazimili. Majembe yakakaa juu. Nikageuka. Mzee pale mlangoni akanyanyua mkono wa kushoto, akaipiga ile shaba kwenye mguu wa kigoda. Mlio mdogo. Majembe yakashuka, wanaume wazima machozi yanawatoka, na mama anaendelea na jina linalofuata bila kuruka pumzi.

Likafika langu. Nikaitika kwa Kiswahili, vibaya, nimechelewa, wakacheka.

Kisha akaita, "Alfonce!"

Kimya. Majembe juu. Tulisubiri mpaka mikono ikaanza kuuma. Mama Limi akashusha jembe lake, akalilaza chini taratibu, na wote tukalaza.

"Huyu haitiki," akasema. "Lazima ana kitu. Twende tukamwone."

Ijumaa, 15 Novemba

Tumekwenda jana ile ile, na leo tena. Tunakaa mbele ya ofisi, majembe yamelala chini, yamepangwa mstari. Hatutukani, hatupigi dirisha. Kila baada ya muda Mama Limi anainuka, anaita majina yote, tunaitika, na akifika la Alfonce tunanyamaza kumpa nafasi. Mlinzi alitumwa atufukuze. Ni Msukuma wa Runzewe. Jina likiitwa, naye anavua kofia.

Meneja ametoka mara moja kusema tutafukuzwa wote. Kijana mmoja akamuuliza nani atapalilia kabla ya Jumatatu, wageni wanakuja kuona mahindi au majani? Akarudi ndani. Pazia jipya ni zuri, la maua. Lilikuwa linacheza cheza siku nzima.

Jumamosi, 16 Novemba

Leo wamemleta Kazimili kwa pikipiki, amefungwa kwa kanga mgongoni mwa dereva asianguke. Wakamweka kwenye kigoda chake mwanzo wa mstari. Mvua ikaanza, hakuna aliyeinuka.

Mama Limi akaita. Kazimili akapiga shaba yake. Likaitwa langu, nikaitika. Likaitwa la Alfonce. Mlango ukafunguka, akasimama kizingitini na viatu vyake, hajui aiweke wapi mikono.

"Mnataka nini?" akasema.

Mama Limi akaita tena, kwa sauti ile ile anayowaitia wote, bila chuki, na hilo ndilo nadhani lilimvunja. "Alfonce!"

"Nipo," akasema.

"Hatujasikia."

"Nipo! Nipo, mama."

Nikapanda ngazi tatu za ofisi. Fomu nilikuwa nayo ndani ya blauzi, kwenye mfuko wa nailoni, tangu tarehe nane. Nikamshikia ubao wa kuandikia, akasaini, akapiga muhuri. Nikamwelekeza na sehemu ya tarehe, na sehemu inayouliza ajali imetokeaje, akaandika kwa mwandiko wake: akiwa kazini, alikosa mapumziko. Nikasoma mara mbili kabla ya kuikunja. Dereva wa pikapu tayari alikuwa anatandika godoro nyuma.

Sijamsamehe. Sijajisamehe pia. Wasinibembeleze wala wasinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Gari likaondoka na Kazimili na shaba yake, na Mama Limi akarudi mbele ya mstari pale pale kwenye mvua, akaanza majina tangu mwanzo, maana walikuwa wanarudi kulima shamba la kampuni na kulima kunaanzia hapo. Akafika kwangu, mtu asiye na kazi, mwenye begi la safari begani.

"Deodata!"

Nikaitika kwa hasira yote niliyokuwa nayo, mpaka koo likauma, na mstari ukasogea.